Wimbo Uliovishwa Mkia wa Bandia

Kama uliwahi kupita Katuba, hapa Lubumbashi, ukasikia barazani cherehani ikilia upande huu na spika ikilia upande ule, kila moja ikitaka kuifunika nyingine, basi ulipita kwetu. Cherehani ni yangu. Spika ni ya Wivine. Tumetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba wa matofali, na nimeshachoka kumwomba apunguze sauti. Huitikia vizuri sana, hupunguza, halafu nikiinama kutunga uzi kwenye sindano sauti inapanda tena. Mimi naitwa Mbuyi, Mkasai kwa baba na kwa mama, ulimi wangu hauna mfupa, na watu husema namgombeza Wivine kupita kiasi. Waseme. Nampenda kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Kazi yake ni kutia nyimbo. Mtu anakuja na flashi au kadi ya simu, anasema anataka nyimbo za ibada, au za kuchezea harusini, au mahubiri ya kumpelekea mama yake kijijini. Wivine anachomeka, anachagua, anatia, mtu anakwenda zake akiimba. Kompyuta yake imemeza miaka mingi ya mambo ya watu. Mna nyimbo, video, picha za ubatizo, barua za kuomba kazi, na takataka za kila namna walizoziacha wateja, vyote ndani ya folda moja kubwa. Inafanana na kopo langu la vifungo, ambamo ukitia mkono unaweza kutoa kifungo cha koti, pini, au jino la mtoto. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapangi vitu vyake kama watu wengine.

"Yaya Mbuyi," akanijibu, kama mtu anavyomwita mkubwa wake kwetu, "na weye ile kopo yako ulipanga siku gani?"

Mdomo huo ni mimi niliyemfundisha.

Mwaka jana parokia yetu ilifungua darasa la kompyuta, Jumamosi mchana, chini ya kijana anayeitwa Israël, aliyemaliza chuo kikuu hapa hapa Lubumbashi. Watu walijaa wakidhani watafundishwa kupiga chapa. Kumbe Prof Israël alitaka kuwafundisha kuiamuru mashine, yaani kuiandikia maagizo mstari kwa mstari, nayo iyafuate. Wiki ya pili wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Wivine alibaki. Wanawake wa soko walimcheka, wakasema mama mwenye watoto watatu anatafuta nini huko. Yeye hakujali. Alirudi kila Jumamosi na kunisomea somo lake kupitia ukutani kana kwamba mimi ndiye niliyelipa karo, nami nikashona kola za watu huku nikisikia habari za mashine ambayo, kwa maelezo yake, ni mtumishi mtiifu lakini mjinga: haikisii, haioni haya, inafanya kile tu ulichoiandikia.

Sasa niwaambie habari za wazazi wake, maana bila wao habari hii haina miguu. Baba yake ni Baba Symphorien, mtu wa Kabalo, aliyefanya kazi kwenye reli mpaka akastaafu na kuongoza kwaya kwa miaka mingi. Ukimuuliza ipi ilikuwa kazi na ipi burudani, atakuambia reli ilikuwa burudani. Mama yake ni Mama Germaine, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye nyumba nzima humtazama kwanza kabla ya kuamua kama jambo linachekesha. Mwaka huu walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto walikaa kikao juu ya jubilé. Mtoto mkubwa, anayekaa Karavia, akatoa ua wake ufanyiwe sherehe. Wengine wakasema watanunua mbuzi, wengine kitenge cha familia, ambacho, Mungu awabariki, nilipewa mimi kukishona. Mwishowe wakamgeukia mama yao wamuulize yeye anataka nini.

Mama Germaine akafikiri kidogo. "Mi sitake kintu," akasema. "Nataka tu ile mwimbo."

Kila mtu alijua ni wimbo upi. Baba Symphorien aliutunga walipotimiza miaka arobaini, akaimba na kwaya yake kwenye uwanja wa kanisa, na mtu fulani akarekodi kwa simu. Unahusu siku walipoonana. Treni ilikuwa imesimama, yeye amevaa sare, na chini kulikuwa na msichana mwenye beseni la mihogo kichwani. Siku zile wimbo ulipendwa sana, watu walitoka mbali kuja kuutafuta kwa Wivine. Kisha miaka ikapita na nyimbo nyingine zikaja. Kwaya ile ikatawanyika, huyu Kolwezi, huyu Zambia, wengine makaburini. Na Baba Symphorien, baada ya ugonjwa uliompata wakati fulani, akabaki na mwanzo na mwisho tu. Katikati palifutika, na sisi wengine tuliokumbuka kiitikio tu hatukuweza kumsaidia. Alikuwa akija kukaa kwenye benchi langu, anaanza vizuri kabisa, "Germaine, tula beseni chini, treni haiendi bila weye," anamwomba alitue, anapiga goti kwa kidole, anaendelea, halafu anafika mahali na kusimama kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa.

Kwenye kikao kile Wivine aliinua mkono. "Musihangaike," akasema. "Mwimbo iko mu machine yangu. Nitaileta."

Alisema hivyo mbele ya ukoo mzima. Mama Germaine akatabasamu, na tabasamu la mwanamke yule si kitu cha kila siku. Wivine akarudi barazani na deni hilo la furaha begani.

Alitafuta kwa jina. Hakuna. Akatafuta kwa jina la kwaya, la parokia, la baba. Hakuna. Hilo halikumtisha, kwa sababu katika kazi yake majina ni uongo mtupu. Watu hurekodi bila kuandika jina, simu nayo hujibunia lake, na nusu ya vitu vyake vinaitwa tu Piste, yaani wimbo, ya ngapi sijui. Wimbo ungeweza kuwa umejificha chini ya jina lolote. Tatizo ni kwamba ndani ya folda ile huwezi hata kuona nyimbo ziko wapi, maana zimechanganyika na picha za arusi na barua za kuomba kazi.

Na Jumamosi iliyofuata, kana kwamba Mungu alikuwa ameketi kwenye kikao, Prof Israël akatoa zoezi. Alieleza kwamba jina la faili lina mwili na lina kipande kidogo cha mwisho baada ya nukta, nacho kinakuambia ni kitu cha aina gani: wimbo una chake, picha ina chake, barua ina chake. Yeye alikiita extension. Darasa likakiita mkia, na hadi leo hata Prof mwenyewe anasema mkia. Zoezi lilikuwa hivi: andika programu fupi, uipe folda na uipe mkia, nayo ipite ndani ya folda, faili moja moja, ikuonyeshe zile tu zenye mkia huo na kuziruka nyingine zote.

Wivine alifanya zoezi lile kama mtu anayesonga bukari, ugali wetu, wageni wakiwa mlangoni. Mara ya kwanza ilimletea kila kitu, kwa sababu alisahau kuiambia iruke. Mara ya pili ilileta nyimbo pamoja na picha moja ya shangazi wa mtu, na Wivine akaitukana mashine mpaka nikaenda kuona kuna nini. Kumbe alikuwa ameiambia itafute neno mp3 popote ndani ya jina, na kuna mtu aliyeipa picha jina lenye neno hilo katikati. Akasahihisha: usiangalie katikati, angalia mwisho tu. Akabonyeza. Nyimbo zikashuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, nyimbo tupu, hakuna shangazi wa mtu.

"Yaya," akasema polepole, "inanitii."

Kisha akacheza. Alicheza kati ya vitambaa vyangu, akamvuta na mteja wangu aliyekuja kupimwa blauzi, na mimi, kwa aibu yangu, nikaacha cherehani nikacheza pia. Nimeona watu wakifurahia gari jipya kwa furaha ndogo kuliko ile. Nadhani ni kwa sababu maisha yake yote Wivine ametumwa: na wazazi, na mume, na watoto, na wateja wanaosema tia hiki, toa kile. Sasa alikuwa na kitu ambacho yeye ndiye anakituma.

Basi tukaanza kusikiliza. Nasema tukaanza kwa sababu spika haikumbagua mtu. Alifungua wimbo mmoja, akasikiliza sekunde chache, akafunga, akafungua mwingine, kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku. Mtaa mzima ulisikiliza vichwa vya nyimbo bila miili yake. Tulisikia rumba ikianza na kukatwa, mchungaji akisema "Ndugu zangu, Shetani" na kukatwa, jogoo aliyerekodiwa na mtu sijui kwa nini. Mwenye kuuza maandazi mbele yetu alilalamika kwamba wateja wake wanaanza kutikisa mabega kisha wanabaki hewani. Mimi nilikuwa nashona kitenge cha jubilé, chenye rangi ya buluu na ndege wa manjano, na kila wimbo mpya ulipoanza mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio.

Orodha ya mp3 ikaisha. Wimbo haukuwamo.

Wivine akatafuta mikia mingine ya sauti, ile inayotoka kwenye simu za zamani, ile ya simu za sasa, ile ya ujumbe wa sauti. Programu ilikuwa ileile, anabadilisha mkia tu. Tukasikiliza tena. Tukasikia watu wakigombana juu ya kiwanja, mtoto akisoma sala, mwanamke akimwambia mtu anayeitwa Michée kwamba asirudi tena nyumbani. Wimbo wa Germaine haukuwamo.

Jubilé ilikuwa imekaribia. Baba Symphorien alikuja kukaa kwenye benchi, akamwona binti yake alivyo, akaelewa bila kuambiwa.

"Haina neno," akasema. "Nitaimba mwanzo, nitaimba mwisho. Ya katikati nitakohoa. Muntu wa umri yangu akikohoa hakuna mwenye kumuuliza."

Tulicheka. Lakini nyuma yake alikuwa amekuja Mama Germaine na majani yake ya sombe, yaani kisamvu, na alisikia. Alihamisha mfuko kutoka mkono huu hadi ule, akatusalimia, akaondoka, na mgongo wake ukatuambia yote ambayo mdomo haukusema. Wivine aliingia upande wangu, akakaa chini na kulia, na machozi yake yakaangukia ndege wa manjano.

"Njo mama," akasema, yaani ndiye mama. "Maisha yote hajaomba kintu. Anaomba kimoja, na minamukosesha."

Nilimwambia asiniloweshee kitambaa cha watu. Hivyo ndivyo ninavyobembeleza, sijui namna nyingine. Lakini moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma hutafuta mtu wa kumkasirikia. Nikampata Prof Israël. Kijana yule alimpa zoezi, zoezi likampa matumaini, matumaini yakamtoa kamasi. Jumamosi Wivine hakutaka kwenda darasani, alikuwa haambiliki wala hasemezeki. Nikamvisha viatu karibu kwa nguvu, nikafunga cherehani, nikamwambia aiweke folda yake kwenye diski ya kubeba, twende wote. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Nikayatoa mlangoni, mbele ya wanafunzi wote. "Prof," nikasema, "ile exercice yako ni ya bure. Huyu mutoto amefanya yote sawa vile ulisema, na hajapata kintu."

Mgala muue na haki yake mpe: kijana hakukasirika. Alinipa kiti. Akaiangalia programu ya Wivine mstari kwa mstari, akasema haina kosa, imeandikwa vizuri kuliko yake ya kwanza. Kisha akamuuliza Wivine hivi:

"Mama Wivine, weye uliuliza machine, 'Nionyeshe mp3.' Ikakuonyesha. Uliuliza ingine, ikakuonyesha. Kila mara ulikuwa unajua jibu yenye unataka. Ulishaka hata siku moja kuiuliza tu, iko na nini ndani?"

Wivine akasema hapana.

"Basi tuiulize. Ipite mu fichiers yote, mafaili yote. Isiruke hata moja. Kila mukia itakutana nayo, iandike, na ihesabu iko ngapi."

Walikaa wakaandika pamoja, darasa zima limewazunguka. Haikuwa mistari mingi. Wivine alibonyeza, mashine ikafikiri, kisha ikaandika. Juu kabisa mp3, umati mkubwa. Chini yake picha. Chini yake video, barua, ujumbe wa sauti. Ikaendelea kushuka mpaka vitu vichache vichache, vya mwisho mwisho, na hapo Prof akaweka kidole kwenye kioo.

"Attends, ngoja. Hii ya dll inafanya nini mu dossier, mu hii folda ya miziki?" Akatueleza sisi tusiojua kwamba mafaili yenye mkia huo ni viungo vya ndani vya kompyuta yenyewe, kama maini na bandama, na mtu mwenye akili hayagusi. "Mahali yake si hapa. Nani aliziweka?"

Wivine alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nilidhani analia tena. Kumbe alikuwa anacheka, na alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka, na kila alipotaka kueleza kicheko kilimrudisha nyuma.

Alipopata pumzi alitueleza. Ng'ambo ya barabara yetu kuna Mumba, anayefanya kazi ileile ya kutia nyimbo. Zamani, walipokuwa wanashindana vikali, Mumba alikuwa akimtuma mtu asiyejulikana na flashi kubwa tupu, mtu yule anasema, "Mama, tia miziki yote," na jioni Mumba anakuwa na kila kitu alicho nacho Wivine. Ni mchezo unaojulikana kati ya watu wa kazi hii. Dawa yake pia inajulikana: nyimbo ambazo ni wewe tu unazo unazibadilisha jina na unazivua mkia wa wimbo, unazivisha mkia wa kitu cha mashine. Mwizi akija kukomba nyimbo haoni wimbo, anaona bandama. Akija mteja mwaminifu, wewe mwenyewe unaujua, unaurudishia mkia wake na kumpa. Wivine alizivisha nyimbo zake bora namna hiyo. Na wimbo uliokuwa ukitafutwa kuliko zote wakati ule ulikuwa ni upi, kama si wa baba yake? Halafu kompyuta ile ikafa, fundi akahamishia kila kitu kwenye hii, nyimbo zile zikawa zimepitwa, hakuna aliyeziuliza, naye akasahau kabisa kwamba aliwahi kuzificha.

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nikasema langu: "Wivine, ulifungia mwizi inje, na weye mwenyewe ukabaki naye kulekule inje."

Mafaili yale yalikuwa machache. Wivine akaanza kuyavua mkia wa bandia. La kwanza lilikuwa rumba ya arusi, na darasa zima likapiga makofi bila sababu. La pili lilikuwa mahubiri. Akafungua la tatu. Tukasikia viti vikiburutwa, mtoto akinyamazishwa, halafu sauti ya Baba Symphorien, nzima, nene, kabla ya ugonjwa, ikitoa noti kwa waimbaji wake. Wivine akafunga haraka. Akasema hatasikiliza zaidi, wa kwanza kusikiliza ni wenyewe. Nilimpa Prof Israël mkono, nikamwambia akihitaji suruali aje kwangu, nitamshonea, na hajawahi kuja, maskini, nadhani alidhani natania.

Tulikwenda moja kwa moja kwa wazee. Baba Symphorien alikuwa ametoa kiti nje. Mama Germaine alikuwa anatwanga sombe. Wivine akaweka spika ndogo kwenye kinu cha jirani kilichopinduliwa, akabonyeza.

Mwanzo ulikuwa ni ule tunaoujua, Germaine, tula beseni chini. Kwaya ikaitikia, treni ikapigwa kwa miguu na viganja. Mzee alikuwa anaimba pamoja nao, macho yamefumbwa, mpaka tukafika kwenye ule mto. Daraja likawapo. Sauti za kwaya zilinyamaza zote, na katikati ya ukimya akaanza kuimba mwanamke mmoja, peke yake, sauti nyembamba isiyo na haraka:

"Beseni ni ya mama, sitaitula. Kama unanitaka, shuka uibebe."

Baba Symphorien akafumbua macho. Akageuza kichwa polepole kuelekea kwenye kinu cha mkewe. Mama Germaine alikuwa ameshikilia mchi hewani.

"Kumbe ile ya katikati haikuwa yangu," mzee akasema. "Ilikuwa yako."

"Mm," akasema Mama Germaine.

"Miaka yote hii banasema Symphorien alisahau, Symphorien aligonjwa. Na njo weye ulisahau."

"Nilisahau," akasema. "Sasa ungetaka niseme? Weye ulikuwa unabeba ile kosa vizuri."

Sijawahi kumwona mwanamke yule akicheka mpaka anaweka mchi chini. Siku hiyo aliuweka chini. Mzee aligonga goti lake, Wivine akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akichafua blauzi yake kwa sombe, na mimi nilikwenda kusimama karibu na ukuta kidogo kwa sababu mambo kama hayo hunitia vumbi machoni. Waliuomba urudiwe. Ulirudiwa mpaka betri ya spika ikakata.

Huko Karavia sherehe ilifana. Kitenge changu kilipendeza, nitasema mwenyewe kwa kuwa wengine walikuwa wanakula. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, bukari nyeupe kama shati la komunyo, munkoyo wa kunywa wa kutosha hata kwa waliokuja bila kualikwa. Wakati ulipofika Baba Symphorien alisimama mbele ya wajukuu waliojifunza sehemu za kwaya kutoka kwenye spika, akaimba mwanzo. Kisha wajukuu wakanyamaza, na Mama Germaine akatokea jikoni na beseni kichwani, beseni la kweli, limejaa mihogo ya kweli, akaimba jibu lake akiwa amesimama wima. Kama unanitaka, shuka uibebe. Yule mzee, mwenye mguu unaomsumbua, akashuka ngazi za baraza moja moja, akalipokea beseni kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Alilibeba mpaka kwenye meza bila kukubali kusaidiwa, na ua wote ulipiga vigelegele mpaka majirani wa Karavia, ambao ni watu wa kufunga madirisha, wakafungua.

Jioni ileile Wivine aliketi pembeni na kompyuta yake. Aliupa wimbo jina lake halisi na mkia wake halisi, akautia kwenye simu ya kila aliyeutaka bila kupokea kitu. Kesho yake barazani aliendelea hivyo hivyo. Nikamwona Mumba akivuka barabara, safari hii yeye mwenyewe, flashi mkononi, anatazama chini. Wivine akaichukua, akamtilia wimbo, akamrudishia.

"Si unajua nitautia kwa bantu bote," Mumba akasema.

"Njo minataka," akasema Wivine.

Na kweli ulikwenda. Wimbo ukitoka mkononi huulizi tena ulipo. Tulianza kuusikia kwa wauza nguo, kwa vinyozi, kwenye arusi za watu tusiowajua. Nilikuwa nashona na kusikia treni ya Baba Symphorien ikipita kutoka spika moja hadi nyingine mtaani, mpaka sauti ya Germaine inafika kwangu kutoka pande mbili.

Kinachofuata sikukiona, alinisimulia Mama Germaine mwenyewe. Wiki chache baadaye mzee alikwenda kununua mkate mbali kidogo na kwao, mahali asipojulikana. Kijana muuza mkate alikuwa na redio ndogo, na redio ilikuwa inaimba beseni. Mzee akasimama kusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kijana, huyu anayeimba ni nani.

"Ah, papa, ile ni ya bazee ba zamani," kijana akamjibu kwa heshima. "Huyo alikufaka kitambo."

"Na mwanamuke?"

"Na ye pia alikufa. Lakini mwimbo iko muzuri, hapana?"

Mzee akakubali kwamba ni mzuri. Akalipa mkate wake, akarudi nyumbani akitembea na kucheka peke yake njiani, watu wakimpisha. Alimkuta mke wake anasonga.

"Germaine," akamwambia, "banasema tulikufa."

Mama Germaine hakuacha kusonga. "Bote bawili?"

"Bote bawili."

"Siku moja?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza," akasema Mama Germaine. Akaipua sufuria, akaweka sahani mbili mezani. "Kuya unawe mikono. Bukari inaanza kupola."